Gunia Lisilo na Tundu

Kwetu paka hahamishwi hivi hivi. Mama yangu alinifundisha, naye alifundishwa na mama yake: unamtia ndani ya gunia, unafunga mdomo wa gunia vizuri asione njia, na ukifika mlangoni unalizungusha gunia mara tatu kabla ya kumfungulia. Paka aliyeiona njia hurudi alikotoka, hata kama ni mbali kule Kivaa. Aliyezungushwa husahau kwao, akatulia.

Hivyo ndivyo nilivyomleta Karani kutoka kwa dada yangu aliyeolewa kule Kathiani, mwaka huu wa mvua ya El Nino, panya walipotuzidi nguvu. Walikula mahindi, wakala sabuni, wakala na magunia yenyewe. Jina alipewa na binti yangu Ndinda, mwenye miaka saba, kwa sababu kila alipofungua daftari lake la shule yule kipaka alikuja akakalia ukurasa kama mwenye ofisi. Siku anafika nililizungusha gunia mbele ya mlango, na Ndinda akahesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu.

Sitajifanya kwamba nilimpenda. Alikuwa mdogo wa kujaa kiganja, na mimi nilitaka mkamata panya. Ndinda ndiye aliyetaka mtoto wa kulala naye.

Baada ya miezi miwili mbwa asiye na mwenyewe aliingia uani, mate yakimtoka, akamng'ata Karani mgongoni kabla sijamfukuza kwa mawe. Kidonda kikapona, tukasahau. Wiki tatu baadaye Ndinda alimwinua kama kawaida, na Karani akamuuma kidole gumba mpaka damu ikachuruzika. Hakuwa amewahi kumuuma mtu. Aliingia chini ya kitanda akakataa hata maziwa.

Kwenye zahanati nesi Nzilani alikiosha kile kidole kwa sabuni na maji kwa muda mrefu, mpaka nikaona anaharibu maji ya watu. Akamdunga mtoto sindano, kisha akanigeukia.

"Mama, nisikize. Hizi sindano za kichaa cha mbwa ni tano, na mimi nilikuwa na hiyo moja tu kwa friji. Zingine hata sijui zitakuja lini. Kwa hivyo hiyo paka ndiyo itatuambia. Kesho asubuhi uipeleke kwa daktari wa mifugo huko Machakos, ataifungia aiangalie. Ikimaliza siku kumi ikiwa hai, mtoto wako hana shida. Lakini ifike ikiwa hai, umesikia? Uiweke kwa katoni, utoboe matundu, ufunge na kamba."

Nilisikia. Wacha niseme ukweli, nilisikia vizuri sana. Tena nilijua anaogopa nini. Kila mtu hapa Kyumbi anamkumbuka mtoto wa Kitonga, aliyeumwa na mbwa wakamtibu kwa majani, na siku za mwisho akionyeshwa kikombe cha maji anapiga mayowe, koo lake likijikaza kana kwamba kuna mtu anamnyonga. Walimzika wiki hiyo hiyo. Kwa hiyo mtu asije kuniambia kwamba sikujua uzito wa jambo.

Katoni nilikuwa nayo, ya mafuta ya kupikia. Asubuhi niliitazama nikacheka peke yangu. Katoni! Kwani nabeba vifaranga? Paka angeirarua kwa kucha, aruke barabarani, na jibu la mtoto wangu litokomee kwenye mahindi ya watu. Na hata akifika, ameiona njia yote kupitia hayo matundu. Siku ya tatu angemtoroka daktari arudi hapa, na hesabu ya siku kumi ivurugike. Nesi amesoma, nikajiambia, lakini hajawahi kuhamisha paka.

Nikatafuta gunia. Magunia ya katani yote yalikuwa yametobolewa na panya, nikayatupa moja baada ya jingine huku nikiwalaani. Ndipo nikaliona gunia la mbolea, jeupe, la msimu huu, lenye nailoni ndani ili mbolea isipate unyevu. Nililikung'uta, nikaliinua kwenye jua kama mtu anayekagua sufuria ya kununua. Halikuwa na tundu hata moja. Nilifurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi sana.

Nilizungushia mkono leso nzito, nikamtoa Karani chini ya kitanda, nikamtia, nikafunga kwa kamba mara mbili. Ndinda nilimwacha kwa jirani.

Kilonzo, anayepeleka maziwa Machakos kwa baiskeli kila asubuhi, alinibeba nyuma. Mitungi ilikuwa inaning'inia huku na huku, na gunia nikalipakata. Karani alipigana. Nilimsikia akilia, nikahisi jinsi nailoni ilivyokuwa ikivutwa ndani na kutoka, ndani na kutoka. Jua lilikuwa limeshaanza kuwa kali.

"Mama Ndinda, si ufungue kidogo ipumue?" Kilonzo akasema bila kugeuka.

"Ikiruka utaikimbiza wewe?"

"Aiya! Mimi nimeuliza tu."

"Wewe endesha baiskeli. Mambo ya paka niachie."

Kabla hatujauona mji, gunia likatulia. Nikalipapasa, nikahisi joto lake mapajani.

"Umeona?" nikamwambia Kilonzo. "Sasa imelala. Paka dawa yake ni giza."

Kilonzo akazidi kukanyaga pedali. Mpaka leo tukikutana hunisalimia vizuri, na maneno yale hajawahi kunirudishia. Ingekuwa afadhali angenirudishia.

Nilishuka langoni kwa daktari wa mifugo. Watu wawili walikuwa wakingoja na mbuzi wao. Mbele yao, bila haya, nikaliinua gunia nikalizungusha mara tatu. Nilihesabu moyoni, jinsi Ndinda alivyohesabu. Lilizunguka kwa uzito mmoja, bila purukushani, nami nikajisifu kwamba nimemleta paka mtulivu kuliko paka wote wa Machakos.

Daktari Wathome alivaa glavu nene mpaka kwenye viwiko. Alifungua kamba polepole, akachungulia. Kisha akazivua glavu.

"Huyu amekufa saa ngapi, mama?"

"Hajakufa. Amelala."

Akanipindulia mdomo wa gunia nione. Nailoni yote ndani ilikuwa imejaa matone ya maji. Ilikuwa pumzi ya Karani. Mwenyewe alikuwa amejikunja pembeni, mdomo wazi, kucha zimenasa pale alipojaribu kuchana.

"Amekosa hewa," daktari akasema. Hakunigombeza. Nilitamani anigombeze. "Kama alikuwa na kichaa ama hakuwa, hiyo sasa siwezi kukuambia kwa kumwangalia."

Nikakaa chini pale pale sakafuni. Nilisema ni mimi nimemuua, nikarudia mara nyingi, na wale watu wa mbuzi wakatazama kando.

Daktari alikata kichwa, akakipeleka Nairobi kwenye barafu ubongo ukapimwe. Baada ya wiki tatu barua ikarudi: ubongo ulifika umeharibika, haukupimika. Sindano ya pili nesi Nzilani aliipata, na ya tatu pia. Ya nne na ya tano hazijafika. Niliuliza ni lini nitajua mtoto amepona. Daktari alisema ugonjwa huu unaweza kujificha miezi, hata mwaka. Mume wangu Titus alipokuja mwisho wa mwezi kutoka kiwandani Athi River, nilimwambia paka alikufa njiani. Akauliza kama nilimbeba vizuri. Nikasema ndiyo.

Leo ni siku ya arobaini na moja tangu Ndinda aumwe. Kila asubuhi, kabla ya chai, namletea Ndinda kikombe cha maji, nasimama mbele yake natazama koo lake. Nahesabu kila funda. Yeye anadhani ni dawa ya kidole.

Leo alikunywa mafunda matatu, akapumzika.

"Mama, Karani amemaliza zile siku kumi?"

"Amemaliza."

"Na hajarudi." Akafikiri kidogo. "Ulimzungusha ulipofika huko?"

Ningeweza kusema uongo mwingine. Nimeshaonja, hauna uchungu sana.

"Nilimzungusha," nikamwambia.

"Mara tatu?"

"Mara tatu."

"Basi hajui njia," akasema, akaweka kikombe mezani. Kilikuwa nusu.

"Maliza maji, Ndinda."

"Sitaki, mama."

"Maliza."

"Nimesema sitaki."

Nilikichukua kikombe kwa mikono miwili, nikapiga magoti mbele yake, nikakisogeza mdomoni mwake.