Gesi ya Boti ya Afande Ojera

Swaibu, fundi wa friji pale Kisenyi, hakuwa na woga wa mtu yeyote ila Afande Ojera. Na alikuwa na haki: mzee ndiye baba yake Babra, na posa ya Babra ilikuwa bado haijajibiwa. Jumapili shangazi za binti wangevuka ziwa kwa boti ya mzee kwenda visiwani, na huko huko wangeamua kama fundi huyu anafaa kuwa mkwe au aendelee na friji zake. Kwa hiyo polisi yule mstaafu alipoingia, jasho likimtiririka, kifriji cha boti begani, Swaibu alimpokea kwa mikono miwili.

Tundu lilionekana upesi, akaliziba. Kilichobaki ni gesi. Kibandiko cha kompresa kilitaka gesi ya 134, ile ya friji isiyoshika moto, na mtungi wake ulikuwa umekauka. Mwingine ungeletwa kesho. Afande hakutaka kusikia habari za kesho. Akanyoosha kidole kwenye mtungi wa gesi ya kupikia, kando ya jiko la chai. Si ndiyo hiyo wanayojazia friji kuukuu mtaani? Yake ya nyumbani ilijazwa hiyo hiyo, na soda zinaganda.

Kweli, ndivyo walivyofanya wengi. Swaibu akachukua mpira, akauunga kwenye mtungi. Baba mkwe habishiwi, jamani, hasa yule ambaye hajakubali kuwa baba mkwe. Akauliza tu, ili kusogeza maongezi, friji inakaa wapi botini. Chini, mzee akajibu, kwenye kijichumba, bega kwa bega na betri na injini.

Heri lawama kuliko fedheha, Swaibu akajiambia, akauchomoa mpira mtungini.

"Hapana, Afande. Gesi hii ikivuja nyumbani, mlango upo. Botini itashuka chini ya mbao, itulie hapo. Ukiwasha injini, cheche moja tu, hatuna shangazi."

Swaibu aliiona harusi yake ikitoka mlangoni na kwenda zake, na ilimuuma sana. Afande akatoa sigara, akautazama mtungi, akairudisha mfukoni.

"Tutangoja hiyo ya kesho," alisema. "Na Jumapili na wewe unakuja. Utakaa chini, karibu na injini."

Kesho yake Swaibu alijaza 134, akapaka povu la sabuni kwenye kila kiungo. Hakuna kilichovuja. Akapaka tena.