Sauti ya Irakoze Ukumbini

"Utaibeba kwenye nini?" Adija alimwuliza jirani yake Pelagia, siku Pelagia alipomwambia kwamba kesho anakwenda Kasulu mjini, chuoni, kuchukua sauti ya mwanawe.

"Kwenye kapu langu lenye kifuniko."

"Basi weka na kanga ndani, mama Irakoze. Njiani baridi."

Pelagia akaweka kanga. Juu yake akamimina maharage, maana kapu haliendi kwa watu likiwa tupu.

Irakoze alirudi kijijini kwao Titye mwaka juzi bila sauti. Chuo kilikuwa na Siku ya Mazungumzo ya Staha. Mkuu wa chuo, Mwalimu Stanislaus, aliwaambia wanachuo waulize lolote, hakuna atakayeguswa. Irakoze akauliza. Wiki iliyofuata faili lake likaonekana lina upungufu, akaambiwa akasubiri nyumbani. Mwili ukapanda gari. Sauti ikabaki.

Nyumbani alilima vizuri tu. Lakini kwenye jumuiya, litania ikisomwa, midomo yake ilicheza bure, na Pelagia alisikia pengo pale palipokuwa na "utuombee" ya mwanawe. Alikuwa mtoto wa adabu. Tangu baba yake azikwe, Pelagia alimlea peke yake, akimwambia: ukimwuliza mkubwa, usimpe kisogo kabla hajakujibu.

Kesho yake ilikuwa tena Siku ya Mazungumzo ya Staha, na ukumbini Pelagia alipokewa na Moses, rais wa wanachuo, akamsalimu kikwao.

"Mwakeye, mama. Kiti chake kile, safu ya tatu. Sauti yake huwahi kuliko sisi wenye miguu."

Kiti kilikuwa kimefutwa vumbi. Wageni walipokwisha kutambulishwa, Moses alikiwekea kipaza sauti, na sauti ya Irakoze ikasema, kwa mafua kidogo, kwa kuwa dirisha la upande ule lilikuwa limevunjika:

"Shikamoo Mkuu. Naomba kuuliza. Sisi wenye majina ya Kirundi tumezaliwa hapa hapa. Mbona kila muhula tunaambiwa tulete tena vyeti vya uraia, na wenzetu hawaambiwi?"

"Marahaba. Swali zuri sana," alisema Mkuu. "Tumelipokea, linafanyiwa kazi."

Watu wakapiga makofi matatu ya pamoja. Mgeni mmoja alikipiga picha kiti. Mkuu akamweleza kwamba sauti hiyo huuliza hivyo hivyo kila muhula, na haijawahi kukatizwa.

Pelagia akasogea mbele na kapu lake. Maharage yakapelekwa jikoni, yakatangazwa kuwa mchango wa mzazi.

"Nimefuata sauti ya mwanangu, Mwalimu."

"Mama, hapa hatumzuii mtu. Mwite mwenyewe."

Pelagia akakishika kifuniko kwa mkono mmoja, akainamia kiti.

"Irakoze. Njoo twende nyumbani."

Sauti ikamjibu polepole, karibu na sikio, kama zamani alipokuwa akinong'ona kanisani.

"Bado hajanijibu, mama."

Pelagia akainua macho kumtazama Mkuu. Mkuu alikuwa anaitazama ratiba. Kilichofuata kilikuwa chai.

Wageni wakaanza kuinuka. Pelagia akaitoa kanga kwenye kapu, akaikunjua, akakifunika kiti chote mpaka mgongoni, upande wa dirisha akaizungusha mara mbili. Kisha akafunga kapu, akajitwika, akatoka.