Gari la Kinyozi Lagoma Kuwaka

Kinyozi alikuwa na ugonjwa mmoja tu maishani, nao ni usafi. Pale saluni kwake, mashine ikitoka kichwani mwa mteja huingia kwenye spiriti kabla mteja hajapapasa mfuko. Vitana huoshwa, mikasi hufutwa, na taulo moja haligusi shingo mbili. Watu walimpenda kwa hilo, ila walimpenda zaidi kwa mdomo wake, maana akishakishika kichwa chako na kukutazama kwenye kile kioo kikubwa, anakupigia soga mpaka unasahau kilichokuleta. Lakini akivua aproni na kufika nyumbani, ulimi unamwia mzito. Mkewe alishazoea. Binti yao hakuzoea, basi tu alikua akinyamaza naye.

Binti mwenyewe, ambaye tangu apate kazi ya uuguzi nyumba nzima ilimwita Nesi, leo alikuwa anahama. Hospitali iliyomwajiri ilikuwa mbali, mwendo wa kutwa kwa gari, na kesho asubuhi alitakiwa awe kazini. Kinyozi alikuwa ameapa kumpeleka mwenyewe. Alikuwa na mambo mawili ya kumwambia: kwamba anaona fahari kuwa baba yake, na kwamba nyumba bila yeye itampwaya. Alikuwa ameyabeba maneno hayo siku nyingi, na kila akimtazama usoni yanarudi tumboni. Akajipa moyo kwamba njiani yatatoka. Njiani watu wote wanatazama mbele.

Kasoro ilikuwa gari. Lilikuwa na tabia ya kuzimika likipata moto, na fundi wa mtaa wa pili alishalisoma: sensa ya krenki imechoka, kile kidude kinachoiambia injini lini itoe cheche. Akasema alete gari aifunge mpya. Kinyozi akanunua sensa mpya, lakini kazi hakumpa. Video ya kwenye simu ilionyesha bolti moja na soketi moja ya waya. Mtu anayepitisha wembe kooni mwa watu kila siku ashindwe na bolti moja?

Basi jana jioni akaing'oa ya zamani kwa bisibisi, akailinganisha na mpya, akaifuta hiyo ya zamani kwa mazoea yake, akala, akarudi, akafunga, akalala usingizi wa mtu aliyemaliza kazi. Na leo, mizigo ikiwa barazani na yeye ndani ya shati jeupe, akazungusha ufunguo. Starta ikazunguka kwa nguvu zake zote. Injini, wapi!

"Mgonjwa anapumua lakini haamki," Nesi akasema, ameegemea mlango.

"Ataamka."

Kinyozi akafungua boneti. Akaanza na betri: taa zilikuwa kali, honi ikalia mpaka jirani akachungulia. Akamwambia Nesi awashe swichi bila kupiga starta, akatega sikio nyuma, akaisikia pampu ya mafuta ikinguruma vizuri. Akakagua fyuzi, zote nzima. Akafungua plagi moja, akaigusisha kwenye chuma cha injini, Nesi akapiga starta. Hakukuwa na cheche hata ya dawa.

"Cheche hamna," Kinyozi akasema, kama aliyegundua jambo kubwa.

"Si ulisema sensa ndiyo inayoleta cheche?"

"Ndiyo."

"Sasa baba, hiyo sensa una hakika nayo?"

"Hiyo ni mpya!" Akamaka kweli. "Nimeifunga kwa mikono yangu."

Basi vyote vikashukiwa isipokuwa hiyo. Akavuta waya huu, akakaza ule, akapuliza soketi, akairudisha mpaka ikalia. Shati jeupe likawa halitazamiki. Mkewe akatoka jikoni, mikono kiunoni.

"Baba Nesi, muite fundi. Mficha uchi hazai."

"Mama Nesi, niache kidogo."

"Nimekuacha tangu jana. Kaka yangu anapita sasa hivi, nimeshampigia. Mtoto asikose kazi kwa ajili ya jeuri yako."

Hilo lilimchoma, kwa kuwa lilikuwa kweli. Na kaka mtu hakukawia. Alikuwa muuza magodoro, na watu walimwita Honi, kwani hakuwahi kufika mahali bila kulijulisha eneo zima. Pikapu yake ikaingia uani ikipiga kelele, imesheheni magodoro, na kwa bahati alikuwa anayapeleka upande uleule.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, Nesi wangu! Shemeji, vipi? Naona umehamia kwenye kunyoa magari."

"Cheka tu, Shemeji."

"Sicheki, naogopa. Hili gari likipona nitakuletea na kichwa changu."

Utani ule, siku nyingine, angeujibu kwa mwingine mkali zaidi. Leo akarudisha kichwa chini ya boneti. Honi akaanza kupakia mizigo: sanduku, ndoo, feni, jiko la gesi. Nesi akamtazama baba yake kama anayesubiri neno. Kinyozi akageuka, akaenda kwenye meza ndogo ya barazani palipobaki vifaa vyake. Hakutaka kuona sanduku lile likipanda pikapu ya mtu mwingine. Ilimuuma, na hakuwa na pa kuupeleka uchungu wake isipokuwa kwenye kitambaa. Akaanza kufuta spana. Akafuta bisibisi. Alipoishiwa vitu vya kufuta akafungua boksi alimoweka sensa ya zamani, aifute na yenyewe.

Ilikuwa chafu.

Akasimama akiitazama. Ilikuwa na oili, na alama ya dole gumba lake. Yeye, kuweka kitu kichafu boksini? Tangu lini? Akaifuta haraka, akaigeuza. Ile ya zamani aliichubua ubavuni kwa bisibisi wakati wa kuing'oa. Hii haikuwa na mchubuko wowote, na pete yake ya mpira ilikuwa laini. Ndipo jana yote ikamrudia. Alizilinganisha zote mbili kwa mikono iliyojaa oili, mpya ikachafuka. Ya zamani akaitumbukiza kwenye spiriti, labda ndiyo iliyoimaliza kabisa, akaisugua kwa brashi mpaka ikametameta, akazilaza pamoja juu ya taulo. Mkewe akamwita kula. Aliporudi, giza linaingia, mkono wake ukachukua inayong'aa.

"Shusheni!" akapiga ukelele. "Shusheni mizigo!"

Kijasho kikimtoka, akaeleza. Honi akashika tumbo kwa kicheko.

"Shemeji! Mgonjwa umemwogesha ukampeleka kazini, mzima umemlaza kitandani!"

Hata Mama Nesi, aliyekuwa amenuna, alilazimika kujifunika uso kwa upande wa khanga. Kinyozi akacheka pia, cheko la mtu aliyeaibika na kufurahi kwa wakati mmoja.

"Nipeni muda wa kunyoa kichwa kimoja," akasema.

"Cha mtoto au cha mzee?"

"Cha kipara!"

Akaingia chini ya boneti. Bolti ikatoka, ya zamani ikatoka iking'aa kwa unafiki wake wote, mpya ikaingia, soketi ikalia. Nesi akazungusha ufunguo. Injini ikashika papo hapo, na Kinyozi akasimama pale akiisikiliza, mkono kifuani, asione haya kwamba macho yamelowa.

Mizigo ikahamishwa. Honi akaongeza na godoro, zawadi ya mjomba, na ubishi wa pa kuliweka ukamalizwa na Mama Nesi: likunjwe, lifungwe kamba, likae kiti cha mbele na lifungiwe mkanda, Nesi akae nyuma. Yeye maneno yake na mwanawe walishayamaliza jikoni usiku. Akamkumbatia, akamkumbatia tena, na gari likatoka.

Wakapita maduka, wakapita kituo cha mafuta, wakaingia barabara kuu. Kinyozi kimya. Kumbe kutazama mbele nako hakusaidii kitu. Na kilomita zilikuwa zinaisha. Akainua macho kwenye kioo cha juu aangalie magari ya nyuma, akakutana na macho ya Nesi yakimtazama.

Nesi alielewa kabla yake. Akavuta mtandio wake, akauzungusha shingoni kama kitambaa cha saluni, akaufunga kwa nyuma.

"Habari za kazi, kinyozi," akasema.

Kinyozi akaguna, kisha akatabasamu. Mabega yakamshuka.

"Nzuri, dada, karibu. Leo tunafanyaje?"

"Punguza kidogo tu. Sina haraka."

"Umefika." Akakaza mikono kwenye usukani, macho barabarani, kiooni, barabarani. "Basi dada yangu, nikupe habari. Mimi nina binti mmoja. Nesi huyo, usimwone hivi. Nikimtazama najiona tajiri. Leo namhamisha, na sijui nyumba ile nitaikaaje bila yeye."

Akanyamaza, akiogopa kwamba amemaliza.

"Endelea, kinyozi," Nesi akasema, akijifuta machozi kwa ncha ya mtandio. "Nywele bado nyingi."