Maombi kwa Sauti ya Kuazima

Marehemu alikuwa ndala ya mguu wa kushoto. Alifariki kwa kukatika kamba njiani kuelekea bafuni, akamwacha mjane wa mguu wa kulia pamoja na mmiliki wao, kijana mmoja wa kidato cha tatu, akirukaruka kwa mguu mmoja juu ya sakafu yenye maji. Kifo cha ghafla namna hiyo hakiwezi kuachwa kipite hivihivi. Kwa hiyo Jumamosi baada ya chakula cha mchana bweni zima likakusanyika kati ya vitanda vya ghorofa, marehemu akalazwa juu ya sanduku la bati, na Askofu akapanda juu ya ndoo iliyopinduliwa ili kuendesha ibada.

Hakuwa askofu hata kidogo. Alikuwa mvulana mwenye masikio makubwa, aliyejifunga shuka shingoni kwa pini ya nepi. Cheo alikipata kwa wenzake, kwa heshima ya kipaji kimoja alichojaliwa: aliweza kuiga sauti ya mtu yeyote aliyewahi kufungua kinywa mbele yake. Mpishi akigombana na sufuria, mwalimu mkuu akitafuta miwani iliyo usoni pake, wote walikuwa wakiishi kooni mwa Askofu bila kulipa kodi. Lakini kazi yake iliyompa jina shuleni ilikuwa Mchungaji, mlezi wa kiroho wa shule, mzee ambaye alivuta mwisho wa kila neno kama mtu avutaye ndoo kisimani, na hakuwahi kulitaja jina la Mungu bila kukohoa kwanza.

“Wapendwaaa,” Askofu alianza, mikono imeinuliwa. “Mwanadamu ni kama ndalaaa. Leo uko mguuni, kesho uko jalalani. Lakini msikate tamaa kama kamba hiiii, kwa maana, khm-khm, Mungu ndiye fundi viatu wa milele.”

Wafiwa walilia kwa kicheko. Mmoja alianguka kutoka kitanda cha juu, akaendelea kucheka akiwa chini. Kisha, kuanzia mlangoni, kicheko kikaanza kuzimika safu kwa safu, kama taa za barabarani umeme unapokatika. Askofu aligeuza shingo. Mchungaji alikuwa amesimama pale, kofia mkononi, kichwa kimeinama kama wanavyosimama watu wa adabu msibani.

“Endelea, mwanangu,” alisema Mchungaji. “Sijasikia amina.”

Ofisi ya Mchungaji ilinukia karatasi za zamani na dawa ya kikohozi. Askofu aliingia akiwa tayari kwa lolote: fimbo, kufyeka nyasi, kusugua masinki mpaka yamwonyeshe sura yake. Alikuwa ameshajitayarishia hotuba ya kujitetea, fupi, yenye majonzi, iliyomtupia lawama zote marehemu.

“Unajua kazi ya mwombezi?” Mchungaji akauliza.

Nani asiyejua? Pale shuleni kulikuwa na desturi ya miaka mingi: kila Jumapili alasiri mwanafunzi mmoja aliingia chumba cha wagonjwa, akasimama kwenye kila kitanda, akamwombea aliyelala hapo kwa maneno yake mwenyewe. Hakuruhusiwa kitabu wala kikaratasi. Sikuzote kazi hiyo walipewa wavulana wa aina fulani, wale ambao hata soksi zao zilionekana zimetubu.

“Aliyekuwepo amemaliza shule,” Mchungaji aliendelea. “Nimeomba kwa muda mrefu nionyeshwe mtu. Nikaonyeshwa wewe. Nikaomba tena, nionyeshwe mwingine.”

“Ikawaje?”

“Nikapita bwenini kwenu leo.”

Askofu alitafuta kiti kwa mkono bila kugeuka, akakaa. “Mchungaji, hapo pamekosewa. Labda ulionyeshwa mtu aliyesimama nyuma yangu. Mimi siyo mtu wa mambo hayo. Mimi ndiye niliyefunga kengele kwa soksi. Mimi ndiye niliyempaka mbuzi wa shule chokaa akaonekana kama mzimu.” Akaendelea kujishtaki kwa bidii yote, kama muuza duka anayesifia bidhaa, mpaka akagundua kwamba Mchungaji hakuwa akizijua habari za mbuzi.

“Kumbe ni wewe,” Mchungaji alisema taratibu.

“Ndiyo. Kwa hiyo unaona, sifai. Tena walikuwa wakicheka pale, hawakuwa wakiabudu.”

“Walikuwa wakicheka wakiwa macho, mwanangu. Mimi wa kwangu wanalala.” Mchungaji akakohoa. “Sikulazimishi. Kesho alasiri ukiona huwezi, ningoje nirudi kutoka mjini jioni, uniambie, nitakwenda mwenyewe. Nenda.”

Ikabaki ngome moja ya mwisho: mama yake. Mama mtu alimfahamu mwanawe tangu akiwa na jino moja, na hilo moja alilitumia kumng’ata jirani. Bila shaka angekataa, na neno la mama halina rufaa. Askofu akaomba kutumia simu ya ofisi.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Umevunja nini?”

“Sijavunja kitu. Wanataka niwe mwombezi. Niwaombee wagonjwa.”

“Wewe?”

“Mimi.”

“Hao wagonjwa wamemkosea nani?”

“Ndiyo maana nimekupigia, mama! Waambie sifai. Waambie unanijua.”

“Nakujua, na ndiyo maana nakwambia, mzaha mzaha hutumbuka usaha. Umemchezea Mungu miaka yote hii, sasa naye amekushika shati. Unadhani nitakuja kukubandua?” Halafu, wakati Askofu alipotegemea karipio, sauti yake ikawa ya chini. “Baba yako angefurahi, mwanangu. Ukienda, nywele zichane.”

Ngome ikawa imeanguka, na tena ikamwangukia yeye.

Jumapili baada ya ibada alikwenda nyuma ya kamba za kuanikia nguo, mahali pasipo na mtu ila suruali zinazopungia upepo, akajaribu. Hakujaribu kwa sababu amekubali. Alijaribu ili apate ushahidi wa kwenda kukataa. Alifumba macho, akafungua kinywa, na Mchungaji akatoka. “Ee, khm-khm, Munguuu…” Akafunga haraka. Akaanza upya, akatoka mtangazaji wa redio, akimpa Mwenyezi Mungu habari kwa ufupi na hali ya hewa. Mara ya tatu akatoka bibi yake, akilalamikia magoti.

Ndipo jambo moja likamwingia, nalo halikumchekesha. Alikuwa na sauti za watu wote, isipokuwa mmoja. Alimtafuta huyo mmoja, akasema kwa sauti yake mwenyewe, “Mungu,” na kile kilichotoka kilianza kama ng’ombe kikaishia kama filimbi. Sauti yake ilikuwa katika umri wa kuvunjika, na vipande vilikuwa bado havijaokotwa. Aliye mbinguni anaimbiwa na malaika tangu dunia haijaumbwa. Kumpelekea kitu kile ilikuwa sawa na kumpelekea mfalme samaki wa juzi. Na zaidi ya sauti, atasema nini? Mtu aliyemzika ndala jana anamwambia Mungu nini leo, na kwa uso upi?

Basi akaamua. Atamngoja Mchungaji arudi, amwambie hawezi, na mambo yaishe. Alijisikia mwepesi, wepesi ule wa mtu aliyetapika.

Alikuwa akivuka uwanja alipoambiwa kwamba Pipa amelazwa.

Pipa alikuwa mwenzake wa kitanda cha chini, mvulana mwembamba kama uzi wa kushonea vifungo, na ndiyo maana akaitwa Pipa. Tumbo lilimshika wakati wa ibada. Askofu alikimbia mpaka chumba cha wagonjwa, akiwa rafiki tu wa mgonjwa, si mwombezi, na hilo alijikumbusha mara mbili njiani. Muuguzi wa shule, mama mnene mwenye mikono myepesi, alimkuta mlangoni.

“Kidole tumbo,” alisema. “Gari linakuja kumpeleka hospitali, watampasua leo. Hali kitu, hanywi kitu, na wewe usimpe hata pipi. Nakufahamu.” Akaingia chumba cha nyuma kuandaa vifaa vya safari.

Chumba kilinukia spiriti. Pipa alikuwa amelala ubavu kwenye kitanda cha chuma kando ya dirisha, magoti yamekunjwa hadi kidevuni, uso una rangi ya majivu. Kwenye kitanda cha pili alikuwepo kijana wa kidato cha kwanza, shavu limevimba kwa jino, ameelekea ukutani.

“Askofu,” Pipa alisema. “Wanakwenda kunikata.”

“Watatoa kitu kidogo tu. Hata hukuwa unakitumia.”

Pipa hakucheka. “Niombee.”

“Mchungaji yuko njiani.”

“Mchungaji anarudi jioni. Gari linakuja sasa hivi. Si ndiyo kazi uliyopewa? Bweni zima linajua.”

“Nilikuwa nakwenda kuikataa, Pipa. Mimi siyo… we unanijua mimi.”

“Nakujua. Niombee.”

Askofu alisimama kando ya kitanda. Alijua kabisa kwamba hastahili, na hofu ikamfanya ashike kitu cha kwanza kilichokuwa karibu, kama mtu anayezama. Alichokishika ni Mchungaji.

“Wapendwaaa,” alinguruma, “tuiname mbele za, khm-khm, Munguuu…”

Kule chumba cha nyuma sahani ya bati ilianguka. Muuguzi akatokeza mbio, mkono mmoja ukinyoosha kofia kichwani. “Shikamoo, Mchungaji! Karibu, hatukujua kama umesha…” Akamwona anayesema.

Ilikuwa, kwa vipimo vyote, kazi bora kuliko zote alizowahi kufanya. Na Pipa akacheka. Hakutaka, lakini kicheko kilimponyoka, kikamkunja tumbo, na kicheko hichohicho kikageuka kuwa yowe. Akang’ang’ania chuma cha kitanda, machozi yakimtoka.

“Usinichekeshe,” alisema alipopata pumzi. “Tafadhali. Mimi naogopa kufa, na we unanichekesha.”

Kijana wa jino aligeuka kutazama. Askofu alitamani sakafu ifunguke, lakini ile ilikuwa sakafu ya saruji na haikuwa na huruma. Mlango ulikuwa hatua chache nyuma yake. Angeweza kutoka. Kila mtu angeelewa; wangesema, si tulijua, yule ni mtu wa mzaha. Na wangekuwa wamesema kweli, na Pipa angepanda gari akiwa peke yake na hofu yake.

Akapiga magoti. Akamshika Pipa mkono.

“Mungu,” alisema. Ng’ombe, kisha filimbi. Akaanza tena. “Mungu, huyu ni Pipa. Analala chini yangu. Anakoroma, lakini siyo sana.” Alisita. Hakuna sauti ya mtu iliyokuja kumsaidia. “Anaogopa. Na mimi naogopa. Sijui maneno yanayotakiwa, nayajua ya watu tu. Wale watakaompasua, washike mikono. Pipa ni mwembamba mno, mle ndani nafasi ni ndogo, usiwaache wakosee. Kaa naye kwenye gari, maana sisi hatutaruhusiwa kupanda. Na akizinduka asijikute peke yake.” Sauti ilivunjika katikati ya neno, ikapanda juu kabisa, ikaning’inia huko. Aliiacha. “Nisamehe kwa ile ya mwanzo. Amina.”

“Amina,” alisema muuguzi, akitazama dirisha.

Pipa alikuwa amefumba macho. Mkono wake ulikuwa umelegea kidogo ndani ya mkono wa Askofu. “Hiyo sauti ilikuwa ya nani?” aliuliza.

“Yangu.”

“Mbaya kweli.”

“Najua.”

“Afadhali hiyo,” Pipa alisema. “Ile nyingine inauma.”

Gari likaja. Wakambeba Pipa kwa blanketi, muuguzi akatoa maagizo kwa dereva kana kwamba anamkabidhi mayai, mlango ukafungwa, vumbi likapanda. Askofu alibaki barazani akingoja ajisikie mtakatifu. Alingoja kwa uaminifu. Lakini alichokisikia ni njaa, aibu iliyobaki kidogo, na woga wa kawaida wa mtu ambaye hajui habari gani zitaletwa na simu ya hospitali jioni. Kama huu ndio wito, alifikiri, basi Mungu hafungi kazi yake kwa karatasi za mapambo. Hata hivyo alipotafuta ule uamuzi wake wa kwenda kukataa, hakuuona tena. Alijipapasa kote, kama mtu aliyepoteza ufunguo, kisha akaacha kuutafuta.

“Wewe,” muuguzi akamwita kutoka ndani. “Unakwenda wapi?”

“Sijui, mama. Nilifikiri nimemaliza.”

“Umemaliza wapi, na kitanda cha pili kina mtu?”

Kijana wa jino alikuwa ameketi, shavu limejaa kama chungwa, akimtazama kwa jicho moja lenye aibu na matumaini. “Na mimi, kaka,” alisema, maneno yakimtoka kwa taabu. “Lakini usiigize.”

“Siwezi kuigiza,” Askofu alisema, na kwa mara ya kwanza maishani mwake ilikuwa kweli.

“Kwanza nawa mikono,” muuguzi aliagiza.

Akanawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, akajifuta, akaja akapiga magoti pale kwenye saruji.

“Mungu,” alianza kwa besi, akamalizia kwa filimbi, “huyu ni…” Akafumbua jicho moja. “Samahani, mdogo wangu. Unaitwa nani?”