Fungeni Nywele, Jua Linazama

Kila jioni, kabla kombe la baharini la kuitia sala halijapulizwa, Malaea alisimama kwenye nguzo ya nyumba yake isiyo na kuta, akapiga ukelele ambao hata nguruwe waliuheshimu.

"Eseta! Tiresa! Fungeni nywele!"

Sababu ilijulikana kisiwa kizima cha Savai'i. Kuna mzuka wa kike aishiye chemchemini, mwenye wivu kupita mke mwenza. Msichana akiachia nywele jua linapozama, au akichomeka ua jekundu sikioni, mzuka humjia, naye huamka uso umevimba, akisema kwa sauti ya mtu mwingine. Wavulana yeye hawagusi. Hana shida nao.

Fetuao, mtoto wa kwanza wa Malaea, alikuwa na nywele za kufika kiunoni, ndefu kuliko za wadogo zake, Eseta na Tiresa. Jina lake halikuwahi kuitwa jioni.

Alizaliwa mvulana, akakua fa'afafine, yaani mwanamume aishiye kwa namna ya kike, na hakuna aliyeshangaa. Kijiji kina wenzake tele, tangu enzi za mababu. "Mimi nimebarikiwa," Malaea alijigamba kanisani. "Anasuka mkeka laini kama hariri, halafu anabeba masufuria ya arusi peke yake. Binti na kijana kwa bei ya mmoja!" Watu wakacheka. Fetuao naye akacheka, kwa meno tu.

Kisha likaja suala la Auckland. Binamu yake wa huko ng'ambo alimpatia miadi kwa daktari wa vidonge vya kuupa mwili umbo la kike, na tiketi ikakatwa.

"Vidonge vya nini?" Malaea alifoka. "Unaumwa?"

"Siumwi, mama. Nataka mwili wangu ufanane nami."

"Mwenzako Selepa alikwenda, akarudi analia."

"Na mwenzangu Pua alikwenda, akarudi anacheka."

"Wageni hawana nafasi ya watu kama wewe, ndiyo maana wana vidonge. Hapa una kiti chako!"

"Kiti changu kiko katikati ya viti viwili, mama. Na vyote viwili navibeba mimi."

Eseta aliziba mdomo kuficha kicheko. Malaea hakucheka.

"Ungeniona binti," Fetuao akasema polepole, "ungeniita mimi pia nifunge nywele."

"Mwanangu," Malaea akajibu, "mzuka ana macho."

Neno hilo lilimwingia Fetuao kama mwiba wa samaki kooni. Jioni ya kuamkia safari, wadogo zake walipokuwa wakitandika mikeka ya sala, alitoka akaketi juu ya kaburi la bibi yake, lile la saruji nyeupe mbele ya nyumba. Akachomeka ua jekundu sikioni. Akaachia nywele, akaanza kuchana. Kama kuna mwenye macho, basi na aje aangalie.

Kombe likalia. Ndani, wimbo ukaanza.

Mkono ukamjia kutoka nyuma, ukachukua kitana kwa upole, ukaendelea kuchana.

"Taratibu, Tiresa, unaniumiza."

Lakini sauti ya Tiresa ilikuwa ndani, ikiharibu wimbo kama kawaida yake. Na ya Eseta ilikuwa kando yake.

Tone la maji baridi likamdondokea shingoni. Harufu ya chemchemi ikamzunguka. Kitana kikashuka mgongoni, kikafika kiunoni nywele zake zilipoishia, na hakikusimama. Kiliendelea kushuka, kikichana, kikichana, hadi chini kwenye nyasi.

Akataka kupiga kelele. Kinywa chake kikaimba badala yake, wimbo asioujua, kwa sauti isiyo yake. Shavu likaanza kujaa. Na katikati ya hofu hiyo, nyie, aibu iliyoje, moyo wake ulifurahi: ameniona.

Ndani, Malaea alifumbua jicho moja katikati ya sala. Juu ya kaburi la mamake aliona vichwa viwili, kimoja nyuma ya kingine. Sala ya Bwana ikamkatikia kwenye "utusamehe."

"Fetuao! Fetuao, binti yangu! Funga nywele!"

Kitana kikaanguka.

Asubuhi, shavu la Fetuao lilikuwa kubwa kama shelisheli. Malaea alilipaka mafuta ya majani, kisha akakaa nyuma yake, akazikusanya nywele na kuzikaza hadi nyusi za mwanawe zikapanda.

"Sijakubali vidonge. Usije ukadhani."

"Najua, mama."

"Nimekubali nywele tu."

"Najua."

"Na huko Auckland jua huzama pia. Umesikia?"

"Nimesikia."

Malaea alikitia kitana motoni. Nywele zilizonasa humo, nyekundu kama kutu, ndefu kupita mtu, zilikataa kuungua.

Kwenye kivuko, upepo ulikuwa mkali na jua lilikuwa utosini. Mbingu haikuwa na wingu hata moja. Fetuao alihisi tone la maji baridi likimdondokea shingoni.

Hakugeuka. Alipeleka mikono nyuma, akakaza fundo la mama yake.