Anga Lililojikunja kwa Rispa

Jumatatu saa nne asubuhi, Rispa akianika mafunjo ya kusukia majamvi, anga lilijikunja juu ya shamba lake. Lilianzia mlangoni pa jiko, likajiviringisha pole pole hadi pale palipokuwa na ua wa makonge zamani, likakoma. Chini yake kukawa giza, na nyota zikatoka. Rispa aliona pindo la anga halikufungwa vizuri tangu mwanzo, akaendelea kuanika.

Makonge hayo aliyang'oa shemeji yake Javan, mzee wa kanisa, mwaka wa 1966, juma ambalo waumini wote wa Kendu Bay walikuwa kambini wakimngoja Bwana arudi. "Dunia inaisha, shemeji," alimwambia mjane huyo wa ndugu yake. "Ua ni ya nini?" Bwana hakurudi juma hilo. Javan akapanda pamba mpaka jikoni kwa Rispa. Sasa giza lilifunika kipande hicho hicho cha wizi, bila kuzidi hata hatua moja.

Alhamisi wapima ardhi wa serikali wangefika, na wakishaandika hakuna kufuta.

Pasta alikuja na Biblia. Alisema anga la siku ya mwisho litakunjwa dunia nzima, tena baada ya tetemeko, hili halikuhesabika. Mwalimu Cephas naye alisema anga si kitambaa, ni hewa na mwanga tu, na mwisho utakuja jua litakapovimba na kuimeza dunia, baada ya miaka milioni elfu tano. Walibishania tarehe mpaka sauti zikawakauka, wakapatana kwamba kwa vyovyote utakuwa moto. Wakanywa uji wa Rispa, wakaenda zao. Hakuna aliyeuliza habari za shamba. Rispa alikasirika.

Alhamisi akaja mpima, Wangwe.

"Bwana, angalia juu," Rispa akamwambia. "Mpaka yangu ndiyo ile."

Wangwe akaangalia, akakiri kwamba mstari ule ulinyooka kuliko yote aliyowahi kuona. "Naona, mama. Lakini sisi tunapima chini. Pamba ni ya nani?"

"Yangu," akasema Javan.

Vigingi vikapigwa jikoni. Ilikuwa saa sita mchana, ila katika giza lile karatasi ya kukubali mpaka haikusomeka, basi Javan akaenda mbio kuleta kandili. Akamshikia shemeji yake taa karibu, kwa adabu zote, asikosee mahali pa kuweka kidole gumba. Rispa akaweka.