Nguzo Juu ya Bucha ya Godi

Margrith alifungua dirisha asubuhi akakuta nguzo zimemsimamia usoni. Ng'ambo ya barabara, juu ya bucha ya Godi, mafundi walikuwa wamesimika mapau marefu ya chuma, moja kila pembe, kuonyesha jengo jipya litafika wapi. Huko kwao ndiyo sheria. Ukitaka kujenga, kwanza uwaonyeshe majirani kimo chake hewani, na asiyependa apewe muda mfupi wa kupinga.

Ghorofa tano! Mumewe, Housi, alikuwa amepooza upande mmoja tangu mwaka juzi, na raha pekee iliyombakia ni jua la alasiri lililoingia kwa dirisha lile. Kiti chake kilikuwa papo hapo, haondoki ila kwa kulala. Sasa jua hilo lingeishia kwenye ukuta wa Godi.

Akavaa koti akaenda halmashauri. Bwana wa mipango miji alimpokea vizuri mno, kahawa juu, akamweleza kwamba ghorofa tano ni halali mtaa mzima tangu mkutano wa wananchi ulipopitisha. Labda angependa kupinga rangi ya paa.

Rangi ya paa, jamani. Margrith alitoka mle amenywea, maana siku ya mkutano na yeye alikuwepo. Huko kwao kura hupigwa kwa kunyoosha mkono ukumbini, kila mtu anamwona mwenzake, naye alikuwa amekaa bega kwa bega na Godi, aliyekuwa akimwekea mifupa ya supu ya mgonjwa bila kumtoza. Ungekuwa wewe, mkono ungeuacha mapajani? Margrith aliunyoosha, akijipa moyo kwamba majengo hayo yatakuwa kulee, karibu na stesheni.

Wakati wa kurudi alipita mbele ya bucha. Godi alimwona kupitia kioo, akainama akajitia ananoa kisu.

Nyumbani Housi alikuwa akizikodolea macho zile nguzo. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake kabla ya kupooza, kusimika nguzo za namna ile wilaya nzima.

"Waliosimika wanaijua kazi," alisema kwa ulimi mzito. "Zimenyooka."

"Housi, unajua maana yake lakini?"

"Mke wangu, mimi ndiye wa kuulizwa hilo?" Akarudisha macho kwenye zile nguzo. "Miaka yote ile watu walikuwa wakitutazama madirishani. Mimi nikidhani wanafurahia kuona kazi. Nikawa nawapungia mkono."

Margrith alimfunika blanketi miguuni, roho inamuuma.

Alasiri jua likaja kama kawaida, likamfika magotini.

"Nisogeze mbele," Housi akasema.

Akamsogeza.

"Bado kidogo."

Akasukuma kiti mpaka magoti ya mumewe yakagusa ukuta chini ya dirisha. Hapakuwa na nafasi zaidi ya kumsogeza.